Saa za Kijana Gengeni Zina Kikomo

Mwenye genge au banda la chipsi Kiembe Samaki anayetaka kuajiri kijana wa chini ya miaka 18 ajue kwanza sheria inayomhusu. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011. Masharti yake yaulizwe Kamisheni ya Kazi kabla kijana hajaanza.

Tanzania Bara, mwenye miaka 14 hadi 17 huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyozidi saa sita kwa siku. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi haruhusiwi kufanya kazi.

Sheria hiyo haivuki bahari, lakini hesabu yake inatufaa. Mwanafunzi wa mkondo wa mchana akitoka skuli saa 11 jioni, zimebaki saa tatu tu kufika saa 2 usiku, na bado hajadurusu. Biashara inayofungwa saa 4 usiku inahitaji mtu mzima. Ujira wake uingizwe kwenye gharama tangu mwanzo. Faida inayotokana na masomo ya kijana si faida, ni deni analoachiwa yeye.