Shabana Mjini, Vijana Mashambani: Maoni ya Mpenzi wa Mpira wa Gesima

Ni vigumu kumpata mtu katika nchi ya Gusii asiyejua habari za timu ya Shabana. Hata mzee asiyepata kukanyaga uwanja wa mpira huuliza mambo yamekwendaje, na akiwaona vijana wanashuka garini pale Keroka wakiwa kimya, hupata jibu lake bila kuambiwa. Hapa Gesima, ambapo Wasabato ni wengi, wako wanaongoja Jumamosi jua litue ndipo waulize matokeo. Timu hii ni mali ya kila mtu, na kila mtu ana maoni yake juu yake. Mimi nami ni mmoja wa wapenzi wake, na napenda kuwaeleza wasomaji mambo mawili: mwendo wa timu yenyewe, na matumaini ya vijana wetu wanaocheza katika ligi za chini. Watu wengi huyatenga mambo haya. Kwa maoni yangu ni jambo moja, kama vile mti na mizizi yake.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Shabana ilianzishwa mwaka 1980, na jina lake lilitokana na duka la vifaa vya ujenzi la mjini Kisii. Wapenzi wake huiita Tore Bobe. Katika miaka ile ya kwanza ilitoa wachezaji ambao nchi nzima iliwajua. Henry Motego na Henry Nyandoro walivaa jezi yake, kisha wakavaa jezi ya Harambee Stars. Mike Okoth Origi naye alipita Shabana kabla ya kwenda Ulaya, na mwaka 1999 alikuwa katika timu ya Genk iliyotwaa ubingwa wa Ubelgiji. Mwanawe, Divock Origi, alifunga bao la pili la Liverpool katika fainali ya mabingwa wa Ulaya mwaka 2019. Basi asidhani mtu ya kuwa njia kutoka uwanja wa Gusii hadi viwanja vikubwa vya dunia ni ndoto. Imekwisha kupitwa.

Lakini mwaka 2006 timu ilishuka kutoka Ligi Kuu, ikakaa chini muda wa miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikaribia kumaliza shule ya sekondari kabla ya kuiona Shabana ikicheza na Gor Mahia au AFC Leopards katika ligi. Mwaka 2023 ndipo ilipopanda tena, pamoja na Murang'a Seal. Msimu wa kwanza ulikuwa wa taabu, nasi wapenzi tulihesabu pointi kama karani anayehesabu senti za mwisho wa mwezi. Msimu wa pili, ule wa 2024 na 2025, timu ilipata nguvu na ikapanda vizuri katika msimamo.

Sasa nawaomba wale wanaopiga kelele mwalimu wa timu afukuzwe kila mechi inapopotea, wachukue kalamu tufanye hesabu pamoja. Ligi yenye timu 18 ina mechi 34 kwa kila timu, 17 nyumbani na 17 ugenini. Kushinda ni pointi 3, sare ni pointi 1. Tuseme timu imeshinda mechi 10 nyumbani na kwenda sare 4: hizo ni pointi 34. Ugenini imeshinda 2 tu na kwenda sare 6: hizo ni pointi 12. Jumla ni 46, na timu yenye pointi hizo kwa kawaida haina hofu ya kushuka. Sasa zigeuze zile sare 4 za nyumbani ziwe ushindi. Jumla inakuwa 54, na timu imeingia katika kundi la juu. Tofauti yote hiyo imetoka katika mechi 4, tena za nyumbani, mbele ya watu wake wenyewe.

Kutokana na hesabu hiyo naona mambo mawili. La kwanza, timu hujengwa kwa mechi nyingi, wala si kwa moja. Mwalimu anayebadilishwa kila baada ya miezi michache hawezi kupanda na kuvuna. Ni kama mkulima anayeng'oa miche ya chai kwa sababu mwaka wa kwanza haikutoa majani. La pili, uwanja wa nyumbani ni shamba la timu. Uwanja wa Gusii ulitengenezwa upya mwaka 2020, wakati sherehe za Mashujaa zilipofanyika Kisii, na ni uwanja wa kujivunia. Lakini shangwe zikigeuka kuwa matusi kwa mchezaji aliyekosa bao, uwanja huo huo huwa mzigo kwake. Kijana wa miaka 20 anayezomewa na watu wa kwao huogopa kuugusa mpira. Wageni wakiona hivyo, kazi yao imekuwa nusu.

Sasa nageukia ligi za chini. Hesabu ya huko wazazi wengi hawajaifanya. Kutoka chini hadi juu kuna ngazi hizi: ligi ya kaunti ndogo, ligi ya kaunti, ligi ya jimbo, daraja la pili, daraja la kwanza, Ligi ya Taifa iliyo chini ya Ligi Kuu, na mwisho Ligi Kuu yenyewe. Timu ya kijiji inayoanza ngazi ya chini kabisa, hata ikipanda kila mwaka bila kukosa, itahitaji miaka 6 kufika juu. Kijana aliyeanza nayo akiwa na miaka 16 atakuwa na miaka 22. Na ni timu gani ipandayo kila mwaka? Nauli ya kwenda kucheza mbali peke yake hutosha kuivunja timu ya vijana wasio na kazi. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji mara nyingi hapandi pamoja na timu yake. Yeye huonwa, akachukuliwa. Na ili aonwe hana budi awe na mahali pa kuchezea na mtu wa kumshuhudia.

Hapo ndipo penye shaka yangu kubwa. Nchi yetu ni ndogo na watu ni wengi. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na mtu akitazama vilima vya Gesima ataona ya kuwa kila hatua ya ardhi ina mwenyewe na ina mmea. Hakuna mzazi anayeweza kutenga ekari mbili za chai ili watoto wacheze. Uwanja uliobaki ni ule wa shule, na huo nao kila mwaka hukatwa kidogo: hapa darasa, pale choo, kule nyumba ya mwalimu. Madarasa ni ya lazima, silipingi hilo. Lakini halmashauri ya shule inapokutana kuchagua mahali pa jengo jipya, uwanja usiwe jibu la kwanza kwa sababu tu ni tambarare na hauna mazao. Kiwanja kikikatwa, hakirudi. Nyandoro wa kesho hatajulikana kama hakupata mahali pa kukimbilia.

Jambo jingine ni kuandika. Nasema hili hasa kwa ndugu zetu makarani, maana wao ndio wanaoweza kulitengeneza. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, lina sheria ya kuwagawia walezi wa mchezaji sehemu ya fedha. Mchezaji anaponunuliwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa timu zote zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 huhesabiwa kuwa asilimia 5 ya fungu hilo, na kila mwaka kati ya 16 na 23 ni asilimia 10. Tuchukue mfano. Kijana ananunuliwa kwa shilingi 10,000,000. Fungu la walezi ni shilingi 500,000. Timu ya kijiji iliyokuwa naye miaka miwili, alipokuwa na umri wa miaka 16 na 17, haki yake ni shilingi 100,000. Fedha hizo zaweza kununua mipira, nyavu na viatu vya miaka kadhaa.

Lakini fedha hizo haziji kwa sifa za mdomo. Timu lazima iwe imeandikishwa katika chama cha mpira, na kijana awe amesajiliwa humo kwa jina lake na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Timu zetu nyingi daftari lao ni kichwa cha nahodha. Kijana akiondoka, hapana karatasi inayoonyesha ya kuwa alikuwa wao. Tena wako wanaopunguza umri wa mchezaji ili aonekane mdogo. Wanadhani wanamsaidia, kumbe wanamtilia sumu katika chakula, maana siku ukweli ukijulikana, safari yake imekwisha na jina la walezi wake limeharibika.

Mwisho nawageukia wazazi. Mtu akija nyumbani kwako na maneno matamu, akasema mwanao aache masomo amfuate mjini, muulize maswali matatu: Ni timu gani, na imesajiliwa wapi? Atalala wapi, na shule gani? Akivunjika mguu, nani atalipa hospitali? Asiyeweza kujibu maswali hayo mwonyeshe njia ya kurudi. Mpira una miaka michache. Goti moja likiumia, mchezo umekwisha. Cheti cha shule hakivunjiki goti.

Basi ndugu wasomaji, tuishangilie Shabana, tena kwa adabu, ikishinda na ikishindwa. Lakini tukirudi nyumbani tuutazame uwanja wa shule ulio karibu nasi, na tuulize nani anaweka daftari la vijana wanaoucheza. Timu ya mjini haiwezi kudumu juu kwa kununua wageni kila msimu, wakati kwao vilimani vijana wanakosa mahali pa kuweka magoli mawili. Kazi hiyo haingojei serikali wala tajiri. Mzazi mmoja, mwalimu mmoja na karani mmoja mwenye daftari wanatosha kuianza, na Gesima watu hao hawakosekani.