Mporomoko wa Kupangwa: Usalama wa Mwili katika Sarakasi ya Vitambaa

Sarakasi si ngeni Afrika Mashariki. Huko Bagamoyo, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa) huifundisha pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Jijini Nairobi, Sarakasi Trust imelea wasanii tangu mwaka 2001. Mojawapo ya matawi yake ni sarakasi ya vitambaa. Msanii hupanda vipande viwili virefu vya kitambaa vilivyoning'inizwa juu, hujizongea navyo, kisha hujiachia na kushuka ghafla hadi mizongo imkamate. Mshuko huo ndio mporomoko.

Kijana wa Kikatiti anayeutazama kwenye simu, kisha akafunga shuka kwenye tawi la mwembe, ameona nusu tu ya jambo. Nusu iliyobaki ni miezi ya maandalizi, na kuikosa kunaweza kumgharimu uti wa mgongo.

Nguvu inayoupata mwili

Mtu anayeanguka mita 1 hufikia mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa. Kitambaa kikimsimamisha ndani ya nusu mita, mwili hupokea, kwa wastani, nguvu ya mara 3 ya uzito wake; kikimsimamisha ndani ya robo mita, mara 5. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni sawa na kubebeshwa kilo 300 kwa kitambo kifupi, na kilele cha nguvu hupita wastani huo. Ndiyo maana kitambaa chenye mnyumbuko kiasi huuhurumia mwili kuliko shuka kavu, na tawi ambalo halikupimwa haliaminiki hata kama lilibeba watu wawili jana.

Majeraha yanayotarajiwa

Bega hubeba mzigo mkubwa: misuli na kano zake huchanika, na kiungo huweza kuteguka msanii anaposimamishwa ghafla akiwa ameshika kwa mkono mmoja. Kitambaa kinachoteleza kwa kasi huchubua na kuunguza ngozi ya kwapa, kiuno na nyuma ya goti. Kichwa kikiachwa kilegee, shingo hutikiswa kwa nguvu. Hatari kubwa kuliko zote ni mzongo uliofungwa vibaya, kwa mfano upande wa kulia badala ya kushoto: haumkamati mtu, naye hufika chini kwa kichwa au mgongo.

Wapo wanaopaswa kupata ushauri wa daktari kwanza: wajawazito, wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, presha ya macho, henia, mifupa dhaifu au viungo vinavyoteguka mara kwa mara, waliofanyiwa upasuaji karibuni na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa watoto, sehemu za mifupa zinazoendelea kukua huumia kwa urahisi.

Mpangilio wa kufundisha

Mwanafunzi wa ngazi ya kati huanza na mzongo karibu na ardhi, akitaja kila hatua kwa sauti. Kabla ya kujifunza kujiachia, hujifunza kujifungua na kushuka bila mporomoko, ili akiingiwa na hofu awe na njia ya kurudi. Kisha hushuka polepole kwa mikono, na mwisho hujiachia. Mwalimu hukagua mzongo kila mara, hata kwa aliyefanya mara mia. Hupima pia urefu wa mshuko, ili mwili ukome juu ya ardhi kwa nafasi ya kutosha. Godoro nene hupunguza madhara, lakini halichukui nafasi ya ukaguzi. Wala mtu aliye chini asijaribu kumdaka anayeanguka, kwani wote wawili wataumia. Misuli ikichoka, somo la mporomoko hukoma kwa siku hiyo.

Mtu akianguka

Kanuni ni zilezile za aliyeanguka kutoka mtini. Asiinuliwe wala kuketishwa. Mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike. Mwingine atazame kama anapumua na akandamize penye damu nyingi. Asipopumua, uhai hutangulia shingo: njia ya hewa ifunguliwe kwa kuinua taya, na ufufuaji uanze. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Asafirishwe amelala juu ya ubao mgumu, akigeuzwa na watu kadhaa kwa pamoja kama gogo, bodaboda haifai.

Katika kituo cha afya, mhudumu aandike saa ya ajali na uwezo wa mgonjwa kusogeza na kuhisi mikono na miguu, kisha arudie kipimo hicho. Shinikizo la damu likishuka, atafute kwanza damu inayovuja ndani kabla ya kuulaumu uti wa mgongo. Kwa kuwa Kikatiti ipo kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, rufaa inaweza kuelekea Hospitali ya Mount Meru au KCMC. Hospitali inayopokea ipigiwe simu mapema.

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani arudishwe hospitali mara moja akipata kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya tumbo, ganzi ya miguu au kushindwa kukojoa, hata kama jana yake alitembea vizuri.