Kumtafuta Babu Aliyekwenda Kariakoo

Katika nyumba nyingi za Kenya husikika maneno haya: "Babu yetu mkubwa alichukuliwa Kariakoo, wala hakurudi." Kariakoo ndilo jina ambalo watu walilipa jeshi la wapagazi, Carrier Corps, katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1917 vijana wengi walikamatwa kwa nguvu, wakachukua mizigo ya askari hata nchi ya Wadachi, ambayo leo ni Tanzania. Wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi.

Je, habari za mtu wa namna hiyo zaweza kupatikana? Zaweza, lakini mtafutaji asianze na karatasi, aanze na wazee. Mzee huenda hajui mwaka, bali ajua rika. Kwa Wanandi, kwa mfano, akisema kwamba fulani alikuwa wa rika la Nyongi, aulizwe na majina ya wenzake, kwa sababu majina ya marika hurudi baada ya vizazi. Aulizwe pia jina la baba wa mtu huyo, na la chifu aliyemtoa.

Ndipo yafaa kuviendea vitabu. Vitabu vya ubatizo vya misheni huonyesha ndugu zake na watoto wao. Ikiwa alirudi salama, huenda jamaa wangali na kipande chake. Tangu 1920 kipande kilionyesha jina, kabila, alama za vidole, kazi na mshahara. Barua na taarifa za wilaya zimewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965.

Lakini jihadhari: karani aliandika jina kama alivyolisikia. Tafuta kila namna ambayo jina lile lingeweza kuandikwa. Jambo hili si dogo. Wapagazi wengi waliokufa, mishahara yao haikulipwa kamwe, kwa kuwa jamaa zao hawakujulikana. Jina lililoharibika kitabuni liliweza kumnyima mjane haki yake.

Basi, msomaji, usingoje. Jioni ya leo chukua daftari, uketi karibu na mzee wa nyumba yako, uandike majina kama ayatamkavyo yeye.