MIFUPA NA NGUVU ZA KIUME: SI JAMBO LA KUFICHA

Ndugu mkulima wa Muhoroni, Koru na Songhor, na wewe wa mpunga wa Ahero: dume lako likishindwa kupanda, unamwita daktari wa mifugo siku ile ile. Je, ukipungukiwa nguvu za kiume wewe mwenyewe, unamwita nani? Wengi hunyamaza. Wengine huwalaumu wake zao, au hununua vidonge sokoni kwa siri. Mwezi huu tutazungumza shauri hili bila haya, kwani lagusa pia mifupa yako, na mifupa ndiyo ibebayo miwa.

SABABU ZAKE

Mfupa si jiwe. Mwili huubomoa mfupa wa zamani kidogo kidogo na kujenga mpya, tangu utotoni hata uzeeni. Homoni ndizo zinazosimamia kazi hiyo. Homoni ya kiume, testosteroni, hutengenezwa katika korodani. Sehemu yake hugeuka kuwa estrojeni, ambayo huzuia mfupa usibomolewe upesi kuliko unavyojengwa. Basi testosteroni ikipungua sana, hamu na nguvu za kiume hupungua, na mifupa nayo hudhoofika. Hapo mtu aweza kuvunjika nyonga kwa kuanguka kidogo tu.

Sababu ya pili ni kisukari na tumbaku. Hivi viwili huharibu mishipa ya damu, na pia hudhoofisha mifupa. Mishipa ya uume ni myembamba; kwa hiyo yaweza kuonyesha dalili kabla ya ile ya moyo.

Mwaka 2016 watafiti wa Taiwan walichapisha habari kwamba wanaume wenye tatizo hili waligunduliwa kuwa na mifupa dhaifu kiasi cha mara 3 kuliko wenzao. Si kwamba kila mwenye tatizo ana mifupa mibovu. Mawazo mengi na uchovu pia huleta shida hii. Lakini dalili hiyo yatosha kukupeleka kwa daktari.

MAMBO YA KUFANYA

1. Nenda kituo cha afya, upimwe presha na sukari. Damu ya kupima testosteroni hutolewa asubuhi, kabla ya saa nne, wakati homoni hii ni nyingi. Ikihitajika, utatumwa hospitali kubwa ya Kisumu, ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee huiita "Russia".

2. Kama watumia dawa za UKIMWI, mwambie daktari. Baadhi yake, kama tenofoviri, zaweza kupunguza uzito wa mifupa. Lakini usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe, hata siku moja.

3. Usinunue Viagra wala vidonge vya namna hiyo bila daktari. Vikichanganywa na dawa za moyo za naitreti, presha huweza kushuka ghafula, ukafa.

4. Kula omena pamoja na mifupa yake, uji wa wimbi, maziwa na mboga za kienyeji. Vyakula hivi vina kalsiamu, ambayo ndiyo udongo wa kujengea mifupa.

5. Acha tumbaku, punguza pombe, na usiache jembe, kwani kazi huimarisha mifupa.

Tena, mweleze mkeo, mwende pamoja. Mama akijua kwamba ni maradhi hatadhani kwamba amechukiwa, na nyumba itatulia. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.