Sura Yako, Wacha Ikae Vile Iko

Hapa Chaani kuna wasee wanaigiza vikali, lakini wakiitishwa picha na kastingi ya majuu wanatuma selfi ya arusi ya binamu. Wacheni hizo. Msee wa kastingi London anapitia sura kibao kwa skrini, kila moja ndogo kama stempu. Yako isipomshika hapo hapo, ashapita.

Hedishoti si picha ya pasi ya kwenda Saudia, wala si ya kuposti Insta. Ni kichwa na mabega, macho ndani ya lenzi, ngozi yako vile iko. Kuna studio zinakupiga filta mpaka unashinda bi arusi kwa weupe. Siku ya kuitwa, wanafungulia mlango mtu wasiyemjua. Hilo kovu la nyusi liache, maze. Pengine ndilo litakupa kazi.

Saa sita mchana usijaribu hata. Jua linakaa utosini, macho yanageuka mashimo, jasho linang'aa. Form ni jioni, kumi na moja hivi. Nawa uso, maana vumbi la matrela ya Magongo ushalibeba, na mafuta ya nazi leo yapumzike. Simama ndani kidogo ya mlango wa keja, uangalie nje: huo mwanga ni laini na ni wa bure. Bro wako ashike shuka nyeupe chini ya kifua, kivuli cha shingo kinapotea. Simu ikikaribia sana inakuvimbisha pua, so mpiga picha arudi nyuma avute zumu. Tisheti iwe plain, cheni weka kando.

Marekani wanaprinti inchi 8 kwa 10, kwa hivyo faili iwe pikseli 2400 kwa 3000. Uingereza hedishoti huenda Spotlight, orodha ya waigizaji tangu 1927.

Piga ya tabasamu na ya ukali pia. Cheki Edi Gathegi, mwigizaji mzaliwa wa Nairobi: 2008 ni vampaya ndani ya Twilight, 2025 ni Mister Terrific ndani ya Superman.

Sasa ajenti. Huku tushazoea wale wa kazi za Ghuba, wanakula kabla hujaona ndege. Ajenti wa ukweli wa waigizaji hula asilimia yake ukishalipwa. Akiitisha thao tano za "kufungua faili", au akilazimisha studio yake pekee, au akitaka picha za bila nguo, piga bloku, halafu tangaza jina lake maskani nzima.