Dhahabu Chini ya Philadelphia

Mwaka 1861 William DuBois, msaidizi wa mpimaji mkuu wa madini katika Kiwanda cha Sarafu cha Marekani, aliwaeleza wanazuoni wa American Philosophical Society kwamba mji wao wa Philadelphia umekaa juu ya dhahabu. DuBois hakuwa mkemia wa kusomea. Alikuwa mwanasheria aliyeacha uwakili kwa sababu ya maradhi, akajifunzia upimaji kazini chini ya shemeji yake, Jacob Eckfeldt, mpimaji mkuu.

Udongo wenye dhahabu hiyo ulikuwa mfinyanzi wa kawaida, uliochimbwa kina cha futi 14 chini ya soko jipya la Market Street. Eckfeldt alipima gramu 130 tu.

Upimaji wa moto huenda hivi. Sampuli husagwa, huchanganywa na oksidi ya risasi, kisha huyeyushwa. Risasi inapozama huzoa dhahabu na fedha yote iliyomo. Donge lake huwekwa katika kikombe cha majivu ya mifupa na kurudishwa tanurini. Risasi huungua na kunywewa na kikombe, ikabaki punje ya fedha na dhahabu. Asidi ya nitriki huila fedha. Kinachosalia ndicho hupelekwa kwenye mizani. Kazi hii haitaki papara, kwani risasi nayo huwa na fedha yake, na pengine dhahabu: asiyeipima risasi yake kwanza atajigundulia alichokitia mwenyewe.

Jibu lilikuwa sehemu 1 ya dhahabu kwa sehemu 1,224,000 za udongo wenye unyevu wake wa asili. Sampuli ile, ilipokaushwa, ilitoa sehemu moja ya nane ya miligramu! Kwa vifaa vya wakati ule, naihesabu kuwa kazi ya mabingwa.

DuBois akapiga hesabu: futi moja ya ujazo ina dhahabu ya senti 3 hivi, na mfinyanzi wa maili 10 za mraba, unene wa futi 15, una dola milioni 126. Hakuna aliyeufungulia mgodi, maana gharama ya kuitoa ingeimeza thamani yake.

Eckfeldt alishika kazi ya mpimaji mkuu tangu 1832 hadi alipofariki 1872, DuBois akamrithi. DuBois pia aliokoa sarafu adimu zilizoletwa kiwandani kuyeyushwa. Mkusanyiko aliosaidia kuuanzisha na kuutunza ulihamishiwa Smithsonian mwaka 1923.