Mama Wawili wa Karthago

Katika vijiji vyetu akina Perpetua na akina Felista ni wengi. Je, watoto wenu wanajua majina hayo yametoka wapi? Basi wasimulieni jioni, baada ya sala.

Mwaka 203, katika mji wa Karthago, ulio leo nchini Tunisia, walikamatwa vijana wachache waliokuwa wakijifunza dini ya Kristu. Mmoja alikuwa Perpetua, mwanamke wa ukoo bora, mwenye elimu, umri wake miaka 22 hivi. Alikuwa na mtoto anyonyaye. Mwingine alikuwa Felisita, mtumwa, naye alikuwa mja mzito. Walibatizwa wakiwa chini ya ulinzi.

Gerezani mlikuwa na giza na joto kali, lakini Perpetua alisumbuka zaidi kwa ajili ya mtoto wake. Baadaye, aliporuhusiwa kukaa naye, gereza aliliona kama jumba la kifalme. Tunayajua hayo kwa kuwa aliyaandika mwenyewe mle gerezani.

Baba yake, mzee mwenye mvi, hakuwa Mkristu. Alimbusu mikono, akajitupa miguuni pake akilia, akimsihi awahurumie wazazi wake na mtoto wake. Siku ya hukumu alikuja tena, amembeba mtoto. Hakimu Hilarianus akamtaka Perpetua atoe sadaka kwa ajili ya makaisari. Akakataa, akakiri kuwa Mkristu. Hapo baba yake akachapwa fimbo. Msidhani moyo wake ulikuwa wa jiwe: pigo lile lilimwuma kana kwamba amepigwa yeye.

Sheria ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba. Felisita akaogopa kuachwa nyuma na wenzake. Wakasali pamoja, naye akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku yenyewe, ingawa miezi haijatimia.

Uwanjani walishambuliwa na ng'ombe jike mkali. Perpetua alipomwona Felisita ameanguka, alimshika mkono akamwinua. Mwana wa watu wakubwa na mtumwa wakasimama pamoja kama ndugu. Mwisho wakauawa kwa upanga.

Hata leo majina yao yamo katika Sala ya kwanza ya Ekaristi, na sikukuu yao ni tarehe 7 Machi.

Na yule mtoto wa Felisita? Alichukuliwa na mwanamke mmoja Mkristu, akamlea kama binti yake. Jina la mama huyo halikuandikwa. Lakini anayempokea yatima nyumbani mwake, naye humshuhudia Kristu, ijapokuwa hakuuona upanga.